Kuku wa ndani na harufu isiyoisha

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina kuku kibete mmoja, jike, ninaishi naye ndani. Kizimba chake kiko pembeni mwa sebule, na mchana namwachia atembee. Nimemtandikia maranda, nafagia kila siku, nanyunyiza majivu ili pakauke, na jioni napuliza manukato ya chumba. Bado nikirudi kutoka kazini na kufungua mlango, napokewa na harufu ya mkojo inayochoma macho. Nibadilishe nini?

JIBU: Nzuri, karibu. Kuku hakojoi kama tujuavyo sisi. Ule weupe unaouona juu ya kinyesi ndio mkojo wake, asidi ya yuriki iliyotoka kama uji mzito. Ikikauka upesi haina shida. Ikikaa na unyevu, bakteria huivunja na kutoa amonia, na hiyo ndiyo inayokuchoma macho. Kwa hiyo adui yako mkubwa ni maji, kuliko hata kinyesi chenyewe.

Leo hii chota konzi ya maranda kutoka chini kabisa, karibu na chombo cha maji, uyaminye. Ukifungua kiganja yakatawanyika, ni mazima. Yakibaki donge lenye alama za vidole vyako, umepata kiwanda cha harufu. Mara nyingi huwa ni hapo hapo kwenye maji: kuku hupiga funda, huinua kichwa ili ameze, na matone humdondoka. Kisha huchakura na kujaza maranda ndani ya chombo. Kinyanyue kifike usawa wa mgongo wake, na ukiweke juu ya sinia lenye wavu, matone yaishie chini ya wavu asikoweza kukanyaga. Maranda yaliyolowa yatoe yote siku hiyo hiyo. Kumwaga makavu juu yake ni kuficha tu.

Majivu acha. Najua wengi huyaamini, na kweli hunyonya maji kidogo, lakini yana alikali, na alikali huisukuma amonia iliyokuwa imetulia kwenye unyevu itoke hewani. Chokaa na magadi ni vile vile. Kama unayo makavu na safi, mwekee kwenye beseni ayaogee. Huko yana kazi.

Manukato nayo yaache, na hapa sibembelezi. Ndege ana vifuko vya hewa vilivyotapakaa mwilini na mapafu yanayofyonza kila kilichomo hewani kwa ufanisi kuliko yetu, kwa hiyo kinachokukera wewe humuumiza yeye. Fungua dirisha, ila upepo usimpige moja kwa moja akiwa amelala.

Ukibadilisha jambo moja tu, badilisha usiku. Karibu nusu ya kinyesi cha siku nzima hudondoka wakati kuku amelala, na chote huanguka chini ya kijiti anacholalia. Weka trei yenye gazeti chini ya kijiti hicho, na asubuhi likunje ulitoe nje. Ni kazi ya dakika mbili, na itakusaidia kuliko kufagia sebule nzima.

Utakutana pia na kinyesi cha kahawia, laini, kinachonata kama asali iliyoungua, kinachonuka kuliko vingine vyote. Kinatoka kwenye matumbo vipofu, yaani vifuko vya utumbo vilivyozibwa upande mmoja, ambavyo kuku anavyo viwili, na huja takriban mara moja katika kila vinyesi vinane au kumi. Kuna wanaoniletea hicho kwenye mfuko wakidhani kuku anaharisha. Haharishi. Kiokote mara moja, basi.

Angalia na chakula. Kuku mzima anayelishwa chakula cha vifaranga hupata protini kupita anayohitaji, na ziada hutoka kama yuriki. Anayetaga anatosheka na asilimia 16 hivi. Chumvi nyingi kwenye mabaki ya mezani humfanya anywe sana, na kinyesi hutoka majimaji.

Sakafu: kwangua kwanza, osha kwa sabuni, pangusa kwa maji yenye siki kidogo, kausha. Dawa ya klorini usiimwage juu ya kinyesi wala usiichanganye na siki. Mchanganyiko wowote kati ya hiyo miwili hutoa gesi ya sumu. Nepi za kuku sizikatazi, ila zibadilishwe kila saa mbili au tatu, na usiku asivae.

Pua huzoea, kwa hiyo pima asubuhi ukiingia ndani kutoka nje, tena kwa kuinama hadi usawa wa kichwa chake. Kwenye mabanda tunajitahidi amonia isizidi sehemu 25 kwa milioni moja ya hewa; harufu ikikuchoma macho, umeshavuka mstari huo, na yeye anaivuta mchana kutwa.

Wiki ikipita kila kitu kikiwa kikavu na bado pananuka, mnuse kuku mwenyewe. Manyoya ya chini ya mkia yakiwa yameganda utando mweupe wenye harufu ya chachu, huenda ana fangasi. Mdomo ukinuka uchachu, mpapase gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, alfajiri kabla hajala: linapaswa kuwa tupu. Likiwa limejaa na linabonyea kama puto la maji, mlete kliniki siku hiyo hiyo, na usijaribu kumtapisha mwenyewe, maana anaweza kupaliwa.