Maswali na majibu: kamomaili ya jangwani

Wiki ilopita niliwagusia ule mmea mgeni ulioingia jangwa la Arizona, Marekani, Oncosiphon pilulifer, jamaa ya kamomaili, na vile rekodi za hebariamu, yani ghala la mimea iliyokaushwa, zinavyoonyesha ulikopita, mpaka ndani ya msitu wa taifa wa Tonto. Simu haijapoa tangu siku hio. Haya, nichukue machache.

"Ami shikamoo. Jangwa na msitu wapi na wapi? Hapo umetupiga chenga." (Likoni)

Marahaba mwanangu. Kule Marekani "msitu wa taifa" ni jina la ardhi ya serikali, si lazima kuwe na miti imefungana. Tonto National Forest, jirani na mji wa Phoenix huko Arizona, imetengwa tangu 1905, na huko chini ni madungusi ya saguaro marefu kama nguzo za stima, misonobari mpaka upande milimani.

"Huo ndio ule wa chai? Maduka ya Mji wa Kale si wanauza." (Kibokoni)

Hapana dada, usije ukauchemsha! Wa chai ni Matricaria chamomilla, ua lake manjano katikati na petali nyeupe kuzunguka. Huu ni Oncosiphon pilulifer, kwao ni Afrika Kusini, petali hauna hata moja, ni vidude vya manjano vya mviringo kama shanga, na unanuka, wengine wakiugusa wanawashwa. Majani ndo hudanganya watu, membamba kama ya shamari, yote mawili.

"Zama hizi za simu kukausha majani kwa nini, si mtu apige picha tu?" (Bamburi)

Mimi pia napiga. Lakini picha huwezi kulifungua ua ukahesabu vya ndani, wala kutoa DNA. Na hata hivo mali yenyewe ni lebo, si jani: nani kachuma, lini, wapi, udongo gani. Lebo ikipotea umebaki na chakula cha mbuzi. Ni lebo hizo ndo zinatuambia California ulirekodiwa mara ya kwanza 1981, kaunti ya Riverside.

"Nimeangalia onlaini ramani ya rekodi za mmea huo, vidoti vingi vimefuata barabara. Mmea unapenda lami?" (Nyali)

Hili swali nimelipenda. Mbegu zake ni ndogo mno, zinashika tairi na viatu, kwa hivo barabara kweli inazisambaza, lakini na mchumaji naye ni binadamu, anaendesha, anapaki, anachuma hatua chache kutoka kwa gari, jua lile nani ataingia ndani? Kwa hivo doti inakwambia mmea ulikuwepo NA mtu alikuwepo, na pasipo na doti pengine aliyekosekana ni mtu. Si jambo la mzaha manake mmea huu ukikauka unawaka vibaya, na saguaro hazikuzoea moto, zilikuwa zinalindwa na ule uwazi kati ya mmea na mmea, sasa huyu mgeni ndo anaujaza.

"Binti yangu yuko gredi ya saba, anataka kuanza hebariamu yake hapa Mombasa." (Kisauni)

Adui yenu ni unyevu mama. Mmea ulazwe ndani ya gazeti, juu tofali, na gazeti libadilishwe kila siku bila kukosa, masika mweke karibu na feni. Mimi wa kwanza niliuacha chini ya kitanda wiki nzima, nikatoa ukungu mtupu. Lebo aandike hapo hapo na penseli, wino unatoka ukilowa jasho, na asiandike "Kisauni" akaishia hapo, Kisauni ni kubwa, aseme nyuma ya nini, karibu na nini. Kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, asiingie bila ruhusa ya wazee. Na achume miwili miwili, mmoja wake na wa pili wa kuwauliza wataalamu wa hebariamu ya Afrika Mashariki pale Makumbusho, Nairobi, ile iliyohamishwa kutoka Amani mwaka 1950.