Jicho Limeingia Ukungu Asubuhi na Haliumi: Msisubiri

Ujumbe umetoka Mafinga: "Kamwene. Mama kaamka jicho la kulia lina ukungu mzito katikati, haliumi wala si jekundu. Duka la dawa wametupa matone. Tusubiri wiki ngapi?"

Hata moja. Jicho linalopoteza nuru ghafla ni dharura, na huko kutouma ndiko kunakowafanya watu wakae nyumbani. Matone ya dukani hayatibu retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Yakiwa na steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, yanaweza hata kupandisha presha ya jicho kimyakimya, mkajikuta na ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza. Maziwa, asali na maji ya majani ndiyo msiyaguse kabisa.

Mama huenda ana vena ya retina iliyoziba, yaani mshipa unaotoa damu jichoni. Kuna magonjwa yanayofanana na huo, na haraka zake zinatofautiana. Jicho lote likiingia giza ndani ya dakika chache, huenda ni ateri, mshipa unaoleta damu, iliyoziba, ndugu wa damu wa kiharusi. Hapo ni hospitali saa hiyo hiyo, hasa mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama. Vimulimuli, madoa meusi yanayoelea na kitu kama pazia linaloshuka vinaashiria retina inabanduka. Jicho jekundu linalouma pamoja na kichwa na kichefuchefu ni presha ya jicho iliyopanda ghafla. Vena ikiziba, kwa kawaida mtu anaamka tu na kukuta jicho moja lina ukungu, au nusu ya juu au ya chini ya anachokitazama haipo. Wengine hawajui hata limeanza lini, kwa sababu jicho zima linamfichia mwenzake aibu. Fumba moja moja ndipo utajua.

Chanzo huwa mbali na jicho. Ndani ya retina, ateri na vena hupishana zikiwa zimebanwa ndani ya ala moja. Ateri iliyokakamaa kwa presha ya damu ya miaka mingi huikandamiza vena, ambayo ni laini. Damu inapunguza mwendo, kisha inaganda. Likiziba tawi, unapoteza sehemu ya kuona. Ikiziba vena kuu pale inapotokea kwenye neva ya jicho, unapoteza zaidi. Damu isiyo na njia inavuja pamoja na maji, na makula inavimba, kile kieneo kidogo cha katikati tunachosomea na kutambulia sura za watu. Ndiyo maana miwani mipya haisaidii kitu. Inakera kuona mtu ameuziwa jozi mbili za miwani kabla hajatokea hata mmoja wa kumtanua mboni na kuangalia nyuma.

Kwa hiyo nendeni kwa daktari wa macho wa hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Iringa, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya kama mko upande wa Rungwe, Mbozi au Chunya. Kabla ya kupanda basi ulizeni mambo mawili: je, kipimo cha OCT kinachopima uvimbe wa makula kipo? Je, wanachoma sindano za ndani ya jicho za kuzuia uvujaji huo? Kama hakuna, ombeni rufaa ya hospitali za Muhimbili au CCBRT za Dar, au KCMC ya Moshi, mapema, msitume mgonjwa kichwakichwa. Mgonjwa aende na mtu, maana dawa ya kutanua mboni humwacha na ukungu kwa saa kadhaa. Abebe dawa zake zote anazotumia, na dozi ya presha ya asubuhi hiyo ainywe kama kawaida. Mwanamke kijana ataje vidonge vya uzazi wa mpango, kwa sababu vyenye estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda.

Sindano yenyewe inawatisha watu kuliko inavyostahili. Wanatia matone ya ganzi, wanasafisha kope na jicho kwa povidoni, dawa ya kuua vijidudu, wanaweka kibanio cha kope, kisha sindano nyembamba inaingia kwenye weupe, milimita 3.5 hadi 4 kutoka ukingo wa sehemu nyeusi. Dawa ni mililita 0.05 tu, pungufu ya tone moja zito, na kusukumwa kwake ni sekunde chache. Dawa inayotumika sana kwa sababu ya bei ni bevacizumab, miligramu 1.25. Mkisoma karatasi yake mtakuta ni dawa ya saratani ya utumbo mpana. Msikimbie. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya macho mwaka 2013. Kichupa kimoja kinaweza kugawiwa kwa wagonjwa wengi, hivyo hospitali hupenda kuwapanga siku moja. Ukikosa siku hiyo unaweza kungoja hadi kifunguliwe kingine.

Baada ya sindano, doa jekundu kwenye weupe wa jicho ni la kawaida na linaisha lenyewe. Jicho kuwasha kama lina mchanga siku ya kwanza nako ni povidoni hiyo. Kisichokuwa cha kawaida ni maumivu yanayozidi, wekundu unaoongezeka na nuru inayopungua ndani ya siku chache. Hayo yanaweza kuwa maambukizi ndani ya jicho, na mnarudi siku hiyo hiyo hata kama ni Jumapili. Siku za mwanzo asilisugue wala asiingize maji ya kuogea jichoni. Akipanda bajaji kwenye vumbi avae miwani, na akae mbali na moshi wa jikoni.

Sasa hapa ndipo wengi wanapojiharibia. Sindano haizibui mshipa. Inazuia uvujaji, na nguvu yake hufifia baada ya wiki nne hadi sita. Kwa hiyo hurudiwa kila mwezi kwa miezi ya mwanzo, halafu daktari anatanua nafasi kadiri OCT inavyoonyesha. Mtu anachomwa moja, anaona afadhali, nauli ya pili anainunulia mbolea, na uvimbe unarudi. Hata ambaye hakuhitaji sindano asikose kliniki, hasa kama ni vena kuu iliyoziba. Retina yenye njaa ya oksijeni huotesha mishipa mipya dhaifu, mara nyingi ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, na ikifunga njia ya maji ya jicho, presha ya jicho inapanda, jicho linauma na linaweza kupotea kabisa. Leza ikipigwa kwa wakati huzuia hilo.

Aspirini ya kujinunulia haifungui vena iliyoziba. Kinacholinda jicho la pili ni kudhibiti presha ya damu na sukari, na kuacha sigara. Pima presha ukiwa umekaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu iko sakafuni, mkono uko usawa wa moyo, na nusu saa kabla hukunywa kahawa wala kuvuta. Pima mara mbili asubuhi na mara mbili jioni kwa siku 7, uandike. Baridi hupandisha presha, basi wa Makete na Njombe wasishangae namba za Julai kuwa juu kuliko za Novemba. Wamwonyeshe daktari zote mbili. Ikishuka chini ya 140/90 maana yake ni kwamba dawa inafanya kazi. Wanaoitupa wakati huo huo ndio tunaokutana nao tena kliniki, safari hii kwa jicho la pili.

Nyumbani chukua daftari la hesabu lenye miraba, chora mraba wa sentimita 10 kwa 10, mistari kila milimita 5, doa katikati. Vaa miwani ya kusomea kama unayo, shika karatasi sentimita 30 hivi kutoka usoni, fumba jicho moja, tazama doa. Mistari ikipinda au kukatika zaidi ya jana, usingoje tarehe ya kliniki.

Wiki za kwanza za kutegemea jicho moja, vitu vya karibu vinadanganya umbali. Unapomimina chai, gusisha mdomo wa birika kwenye ukingo wa kikombe. Ukivuka barabara Mwanjelwa pale Mbeya, geuza kichwa chote upande wa jicho bovu, na anayekusindikiza atembee upande huo. Dereva na wa bodaboda wasubiri ruhusa ya daktari. Wakati wa kupalilia au kuvuna mahindi, jicho zima livalishwe miwani ya kinga, kwa kuwa mkwaruzo wa jani la mahindi ukiingia kuvu unaweza kuliharibu nalo.

Jambo la mwisho ni la waliofanyiwa upasuaji Dar kwa sababu ya damu iliyojaa ndani ya jicho. Muulizeni daktari kama ameacha gesi humo. Kutoka pwani kupanda mlima Kitonga hadi Iringa hewa inapungua uzito, gesi inatanuka na kulikaba jicho, na ndege ni vivyo hivyo. Zipo gesi zinazokaa wiki mbili na zinazokaa hadi miezi miwili. Aliyewekewa mafuta ya silikoni hana tatizo hilo. Mwenye gesi abaki kwa ndugu Dar mpaka aambiwe imeisha.