Msimwambie mteja azime onyo la kivinjari

Swali: Nina tovuti ya nyumba ya wageni Paje. Tangu tuwekewe cheti na anwani ikawa ya https, kidirisha cha kuhifadhi vyumba, ambacho ni cha kampuni nyingine, hakionekani, pamebaki peupe. Fundi wetu ametengeneza picha za kuwaonyesha wageni namna ya kuruhusu maudhui yasiyo salama kwenye Chrome. Niziweke kwenye ukurasa?

Jibu: Usiziweke kabisa.

Fungua ukurasa huo kwenye kompyuta, bonyeza F12, ingia Console. Utakuta mstari unaoanza na maneno "Mixed Content", yaani ukurasa wa https unaoita kitu kwa http, na ndani yake anwani iliyozuiwa. Inakili, ifungue peke yake huku ukiigeuza http iwe https. Ikifunguka bila onyo, ongeza hiyo "s" kwenye msimbo wa kidirisha, kazi imekwisha. Ikigoma, tatizo liko kwa kampuni ile. Waandikie, na wakisuasua hama. Shirika la Let's Encrypt linatoa vyeti vya https bure tangu 2015, hivyo kisingizio cha gharama hakipo. Wapo watakaokushauri uweke amri ya upgrade-insecure-requests, inayokiambia kivinjari kiite kwa https kila kilichoandikwa http. Inawafaa wenye kurasa nyingi za zamani, lakini haiwezi kuzalisha https upande ambao haipo.

Kinachonichosha ni dhana kwamba kivinjari kina ukorofi na dawa yake ni kukinyamazisha. Cheti chako kinalinda kinachotoka kwenye seva yako tu. Kidirisha kinachoitwa kwa http kinasafiri wazi, na aliye katikati, tuseme mwenye Wi-Fi ya mgahawa, anaweza kukibadilisha kabla hakijamfikia mgeni. Mgeni ataandika namba ya kadi kwenye fomu ya mwizi, huku juu anwani ikisomeka ya kwako. Skripti, yaani msimbo unaoendeshwa ndani ya ukurasa, ni mbaya zaidi: ikichezewa, ukurasa mzima umechukuliwa. Ndiyo maana Firefox inazuia skripti na fremu (vidirisha kama hicho chako) za namna hii tangu 2013. Picha, sauti na video Chrome hujaribu yenyewe kuzivuta kwa https. Fremu haizigusi, inazizuia tu.

Hawa mafundi wa "bonyeza hapa, ruhusu pale" wako kila mahali: huyu anazima onyo, yule anakuwekea kivinjari cha zamani ambacho hakilalamiki. Ruhusa ya Chrome haiishi mgeni akishaondoka. Inabaki kwenye kivinjari chake kwa tovuti hiyo, na kesho skripti nyingine ya http itapita bila kuulizwa. Isitoshe, mmemzoesha kutii ukurasa unaomwomba ashushe ulinzi, na matapeli hawaombi zaidi ya hapo.

Yeyote aliyekwisha kufuata maelekezo ya aina hii, popote pale, abonyeze alama iliyo kando ya anwani ya tovuti husika, aingie Mipangilio ya tovuti, atafute Maudhui yasiyo salama, arudishe Zuia.