Mkondo wa kuchaji: kubana mita kwenye nyutro hakutakupa jibu

Ndugu, umeuliza kama unaweza kubana mita kwenye waya wa nyutro wa transfoma ya kiwanda chenu hapo Lunga Lunga Road, usome mkondo wa kuchaji (ule unaovuja ardhini kupitia kapasitansi ya mfumo), ndipo ujue kama rezista ya nyutro, ile inayounganisha nyutro na ardhi, inatosha. Haiwezekani. Mfumo ukiwa mzima, kila fezi hupitisha mkondo kidogo ardhini kupitia kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) ya kebo na mota, lakini mikondo hiyo mitatu hufutana. Mita itasoma karibu na sifuri.

Ili kuupima, lazima fezi moja iunganishwe na ardhi makusudi. Kabla ya hapo, fungua boksi la rezista, stima ikiwa imezimwa, uone kwa macho yako kwamba nyutro kweli inapita kwenye rezista, usiamini mchoro. Stima ya kawaida ya 415 V hapa Nairobi ina nyutro iliyofungwa ardhini moja kwa moja. Ukijaribu kipimo hiki huko ni shoti kamili, na shoti ya namna hiyo inaua. Hii ni kazi ya mafundi wenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, na si ya mtu mmoja.

Katika viwanda vya Industrial Area nilivyofanyia kazi, tunaanza na volti ya kila fezi hadi ardhini. Zote zikaribie 240. Moja ikishuka, tayari kuna hitilafu, itafuteni kwanza. Kisha stima ikiwa imezimwa tunafunga swichi, fyuzi ndogo, rezista ya kurekebishwa na ammita kwa mfululizo, kutoka fezi moja hadi ardhini. Stima ikirudi tunawasha swichi rezista hiyo ya kurekebishwa ikiwa kwenye ohmu za juu kabisa, halafu tunaishusha polepole hadi sifuri. Wakati huo fezi mbili zilizobaki zinapanda hadi 415 V dhidi ya ardhi, kwa hiyo hakikisheni mapema kwamba filta za draivu za mota (vifaa vya kudhibiti kasi yake) zinahimili.

Sasa, meneja atakuambia mje Jumapili mitambo ikiwa imelala. Kataa. Mota iliyokatwa na kontakta (swichi yake ya umeme) haichangii chochote, wala kebo yake, na utapata namba ndogo ya kukudanganya. Fidi zote, yaani laini zote za kupeleka stima kwenye mitambo, ziwe na stima, kama siku ya kazi.

Kwenye hesabu ndiko wengi wanapoteleza. Mkiacha rezista ya nyutro ikiwa imeunganishwa, ammita inasoma jumla ya mikondo miwili isiyofika kilele kwa wakati mmoja: wa rezista na wa kuchaji. Tuseme rezista inapitisha ampea 2 na ammita inasoma 2.3. Mkondo wa kuchaji si 0.3. Toa mraba wa 2 kutoka mraba wa 2.3, tafuta kipeuo cha pili: ni kama 1.14. Kwa 415 V na 50 Hz, kila mikrofaradi 1 (kipimo cha kapasitansi) kwa fezi inaleta kama ampea 0.23, kwa hiyo hapo mna karibu mikrofaradi 5.

Mkondo wa rezista usiwe chini ya mkondo wa kuchaji. Ukiwa chini, cheche inayowaka na kuzimika huacha chaji imenasa kwenye kebo, volti inapanda mara kadhaa ya kawaida, na insulesheni ya mota inapasuka mbali kabisa na hitilafu yenyewe. Kwa mfano huo wa ampea 2, rezista ni ohmu 120, nayo itoe joto la wati 480 bila kuungua.

Mkiongeza draivu au kebo ndefu, pimeni tena. Niandikie ohmu za rezista mliyo nayo na idadi ya draivu, tuendelee.