Sentensi za vitabu vya zamani vya Kiingereza: kwanza ujue inafundisha nini

Mwalimu umeuliza sentensi za vitabu vya zamani vya Kiingereza uzibadilishe vipi ili wanafunzi wako wa tuisheni wasiongee kama barua za enzi za mkoloni. Mi nafundisha tuisheni huku Igoma, Mwanza, na vitabu ndo hivyo hivyo, ngoja nikwambie ninavyofanya.

Usikimbilie kubadilisha maneno. Jiulize kwanza ile sentensi iliwekwa pale kufundisha nini, maana wengi wanaiboresha halafu somo lenyewe linapotea. Mfano "The steamer departs at nine o'clock", pale somo ni kutumia wakati uliopo kwa safari ambayo bado, kwa sababu ratiba imeshapangwa, sasa ukiweka "will leave" somo limekufa. Mi naandika "The ship to Bukoba leaves at nine", kitenzi kimebaki kwenye wakati wake na hiyo meli kila mtoto wa Mwanza anaijua.

Kauli ya kutendwa ndo inaniuma zaidi. Vitabu vimekomaa na "by" kila mstari, "The letter was written by Juma", "The fish was eaten by the cat", mtoto anabaki anajua kazi yake ni kugeuza tu sentensi. Wakati Kiingereza kinachotumika kweli mara nyingi mtendaji hatajwi kabisa, labda hajulikani, labda hana umuhimu. Nikawaambia wangu wa kidato cha pili nielezeni dagaa anavyotoka ziwani mpaka sokoni Mwaloni Kirumba bila kusema nani kafanya nini. Kuna binti huwa haongei kabisa, mama yake anauza dagaa, kaandika "Dagaa are caught at night. They are dried on racks, then they are packed in sacks." Nani kaanika haina haja, kinachozungumziwa ni dagaa. Darasa zima likaelewa pale pale!

Za maongezi ni nyepesi. "How do you do?" weka "Nice to meet you". "I shall go" weka "I'll go" au "I'm going to go" kama mtu ameshapanga, ila "Shall I open the window?" iache, bado iko hai. Barua ikiisha na "your obedient servant" weka "Yours faithfully".

Ila usiruke mpaka kwenye "gonna" na "wanna", hizo mtoto atazisikia kwenye simu bila wewe. Na ufupisho kama "don't" uwe wa maongezi, kwenye insha na barua rasmi aandike kamili, msahihishaji wa mtihani ndo anachotaka.

Kama kuna sentensi imekukwamisha itupie hapa, uandike na mada ya sura yake, bila hiyo mada hatuwezi kukusaidia vizuri.