Muulize Nesi: Siumwi chochote, nikapimwe nini?

SWALI: Shikamoo nesi. Nina miaka 36 na watoto wanne. Kituo cha afya cha hapa kwetu kimetangaza kuwa wiki hii wanapima saratani ya mlango wa kizazi. Mimi siumwi popote, hedhi inakuja kwa tarehe zake. Mume wangu ananiuliza, kwani una nini mpaka ukapimwe? Jirani naye anasema huko wanakata nyama. Niende kweli?
Mama wa Wanne, Korogwe

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nenda, tena wiki hii hii, maadamu hauko kwenye siku zako wala huna mimba.

Mwambie baba watoto kwamba tunamtaka mwanamke asiyeumwa. Kipimo hiki tunakitumia hasa kutafuta kinachotangulia saratani. Ugonjwa huletwa na kirusi kiitwacho HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na wengi wetu tumewahi kukipata bila kujua. Mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Kikigoma, hubadilisha seli za mlango wa kizazi polepole, na mpaka ije kuwa saratani hupita kwa kawaida miaka 10 hadi 20. Kwa anayeishi na VVU huenda ikawa 5 hadi 10, ndiyo maana yeye huanza kupimwa mapema zaidi. Miaka yote hiyo hakuna maumivu wala damu. Mtu analima, anazaa, anacheza ngoma.

Najua hofu iko kwenye kile chuma cha kufungulia njia ya uke, kiitwacho spekulamu. Unalala, khanga yako juu ya magoti. Spekulamu mimi huipitisha kwanza kwenye maji ya uvuguvugu. Nikishauona mlango wa kizazi, naupaka kwa pamba asidi ileile iliyo kwenye siki ya kachumbari, kisha nasubiri dakika moja. Hapo ndipo wanawake hubana pumzi, basi mimi huwauliza habari za watoto mpaka mshale wa saa umalize mzunguko. Palipo salama hubaki na rangi yake ya waridi. Penye mabadiliko hutokea weupe mzito wenye ukingo, kama tui lililogandia kwenye sufuria.

Hapo hakijakatwa kitu. Doa likiwa dogo, mara nyingi huunguzwa au kugandishwa siku hiyo hiyo, na unarudi nyumbani kwa miguu yako. Mumeo ajue tu kwamba mtapumzika wiki 4 mpaka kidonda kipone. Likiwa kubwa au likitutia shaka, ndipo huchukuliwa kinyama kidogo kikapimwe. Labda jirani yako alisikia hilo.

Dada yangu alisubiri dalili. Alianza kutoka damu baada ya tendo la ndoa, akaenda mahali wakampa dawa za fangasi. Akarudi, akapewa zilezile. Mara ya tatu pia, na hakuna aliyempandisha kitandani amtazame. Mimi nilikuwa nesi tayari, nimepima wanawake wa watu, na sikuwahi kumwuliza ndugu yangu wa tumbo moja kama amepimwa. Tulipomfikisha Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar es Salaam, upasuaji ulikuwa umeshapitwa na wakati, ikabaki mionzi. Tulimzika akiwa na miaka 44. Tangu hapo sijamwacha mwanamke aondoke mbele yangu bila kumwuliza swali hilo, hata kama amekuja kumpimisha mtoto uzito.

Ukikutwa salama, rudi baada ya miaka 3. Damu isiyo ya hedhi au uchafu wenye harufu vikitokea katikati, usiihesabu hiyo miaka, nenda siku hiyo hiyo na usikubali dawa kabla ya kutazamwa. Na kama una binti wa miaka 9 hadi 14, muulizie chanjo ya HPV hapo hapo kituoni. Inatolewa nchi nzima tangu 2018.

Vaa sketi pana, na huyo jirani mpitie mwende wote.