Madini joto yanaishia wapi kabla ya kufika mezani?

Wiki hii msomaji mmoja wa Njombe ameniandikia: "Nanunua chumvi yenye madini joto miaka yote, mbona shingo ya binti yangu inavimba?" Dada yangu, anza na kopo la chumvi.

Madini joto hayana joto lolote, ni jina tu. Ni iodini, ambayo tezi ya shingoni huitumia kutengeneza homoni. Ikiikosa, tezi hutanuka ikihangaika kunasa kila chembe iliyomo kwenye damu, na hapo ndipo rovu linapoanza. Udongo wa milimani umeoshwa na mvua miaka na miaka, hivyo mahindi na maharage ya huko hayana iodini ya kutosha.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Chumvi yenye miligramu 30 za iodini kwa kilo hutoa hizo 150 ndani ya gramu 5, kijiko kimoja cha chai. Ikifika mezani nazo, lakini.

Chumvi ya mawe hunyunyiziwa madini hayo kwa nje. Ukiiosha ili "kutoa mchanga", umeyamwaga pamoja na maji. Gunia likiachwa wazi gengeni, chumvi huvuta unyevu, ikatoa maji, na madini yakashuka nayo hadi chini. Anayepimiwa ya juu anaondoka na chumvi tupu. Kwa hiyo nunua pakiti iliyofungwa, ya kutosha mwezi mmoja au miwili. Weka kwenye kopo kavu lenye mfuniko, mbali na jiko, na uchote kwa kijiko kikavu. Maharage yatie chumvi yakishaiva, maana kuchemka muda mrefu kunapunguza iodini.

Mhogo mchungu nao usiolowekwa vizuri una sumu ambayo mwilini huzuia tezi kunyonya iodini. Uloweke siku tatu hadi ulainike, ndipo uanike.

Tafadhali, usiongeze chumvi ukidhani ndiyo dawa. Utaishia na presha. Mjamzito aongeze samaki wa baharini, mayai na maziwa, na aulize kliniki kuhusu vidonge.

Binti mpeleke hospitali apimwe homoni za tezi, kwani si kila uvimbe wa shingo unatokana na chumvi. Na ile iodini ya kupaka vidonda asinyweshwe hata tone.